Shauri la Vitu Vyenye Vidole

SHAURI NAMBA TATU LA BARAZA LA BONDE LA KWEMKOLE, kuhusu Umiliki, Uhifadhi na Utafunaji wa Vitu vyenye Vidole Vitokavyo Ardhini.

Ndivyo alivyoandika Karani Kanga, ambaye madoadoa yake, wengine husema, ni wino uliomrukia kazini. Sisi tusio na ofisi tunaiita kesi ya tangawizi.

Paukwa!

Pakawa shamba!

Shambani mna nini?

Mna tangawizi!

Nayo ina nini?

Onja ukasimulie!

Haya. Hapo kale, bondeni Kwemkole, aliishi bibi mmoja mdogo, Bi Fuko. Mwili wake kama ngumi ya mtoto, macho yake yamezama ndani ya manyoya, huyaoni hata ukimwinamia. Lakini shamba lake sasa! Matuta yamenyooka, nyasi zimetandikwa juu kutunza unyevu, majani yamesimama kama askari wa gwaride. Alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Alipolitaja, alijinyoosha mpaka akakaribia kuwa mrefu.

Mwenye kikohozi alikwenda kwa Bi Fuko. Mwenye tumbo lililojaa alikwenda kwa Bi Fuko. Mwenye kichefuchefu cha mimba alikwenda kwa Bi Fuko. Naye alichimba, akaosha, akaparua ganda, akaponda, ko! ko! ko! akachemsha, akasema, "Kunywa kidogo kidogo. Ikikuwasha, ujue imefika."

Siku moja Mzee Nyati, mwenyekiti wa baraza, alishikwa na mafua. Chyaa! Chyaa! Miti ikapukutika. Akanywa kikombe kimoja cha Bi Fuko, akapona. Mwingine angesema asante. Nyati akasema, "Kama kikombe kimoja kimefukuza mafua, shamba zima si litafukuza hata kifo?"

Kesho yake Karani Kanga akasoma tangazo: tangawizi yote, pamoja na mbegu, itahifadhiwa na Mwenyekiti, kwa usalama wake.

"Usalama wa nani?" akauliza Bi Fuko.

Kanga akaligeuza lile tangazo, akatazama nyuma. "Haikuandikwa, bibi."

Bi Fuko akawawaza wagonjwa wake. Mke wa Digidigi alikuwa amejifungua jana, anangoja uji wa tangawizi apate nguvu. Na mbegu zikienda, nani atapanda? Bonde zima litakohoa mpaka lichakae. Akajifuta udongo puani, akaenda barazani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, bibi. Umeleta kapu?"

"Nimeleta la moyoni. Kwetu dawa hii ina mwenyewe. Ikiwa mdomoni mwa mwenyewe, hailizi. Ikiwa mdomoni mwa mgeni, inaliza. Tuitafune hapa mbele ya watu. Shamba liende kwa asiyelia."

Nyati akacheka, hu! hu! hu! "Mimi nilie? Mimi niliyempiga simba kwa pembe hii? Na pembe hii nyingine sijaitumia bado!"

"Basi karani aandike: atakayeonekana na chozi, shamba si lake."

"Andika!" akanguruma Nyati. "Weka na muhuri!"

Kanga akaandika, akagonga muhuri, pa! Akagonga na wa pili, maana alipenda ule mlio.

Bi Fuko akachimba tangawizi mama, ile kongwe iliyozaa nyingine zote, iliyokaa ardhini ikikusanya ukali wake. "Mkubwa hapewi changa," akasema. Akaikata mapande mawili. La Nyati lilijaa kapu. La kwake lilijaa mashavu. Yote mawili ya shina moja, watu wasije wakasema amempunja mwenyekiti.

Wakatafuna.

Kacha-kacha. Nyati akatabasamu. Kacha-kacha. Nyati akaacha kutabasamu. Kacha... Masikio yakasimama. Ulimi ukatoka nje kutafuta upepo. Na yale macho yake makubwa kama mabakuli, ambayo bonde zima liliyaogopa, yakajaa, yakajaa, yakamwagika. Do! Do! Do!

"Ni vumbi!" akapaza sauti.

"Mvua ilinyesha jana, Mheshimiwa," akasema Digidigi.

"Basi ni mvua!"

Kanga akamsogelea Bi Fuko, akamwinamia, akamzunguka mara mbili. Aliona manyoya. Hakuona jicho, sembuse chozi. Akaandika: *Bibi, hakuna kilichoonekana.* Pa!

Nyati akakimbilia mtoni, gudu-gudu-gudu, akanywa mpaka vyura wakalalamika. Na tangu siku hiyo hajapata mafua, au akipata hasemi.

Mke wa Digidigi akapata uji wake ungali moto. Bi Fuko akarudi shambani kifua mbele, akapita katikati ya njia, mahali ambapo zamani wadogo hawakupita.

Ngano hii inatufundisha kuwatii wakubwa, kutowafanyia hila, na kuheshimu muhuri, hasa wa pili.

Ngano yangu nimeitema. Iliyemwasha, anywe maji.

Ama kilichotokea hasa ni hiki: Bi Fuko alilia kumzidi Nyati, na manyoya ya mashavu yake hayakukauka mpaka jioni.