Mzinga wa Thabiti na Mtarakwa wa Numani

Inasimuliwa kwamba palikuwa na mja mwema, Numani bin Ghalibu, aliyerithi kwa babaye msitu mdogo milimani. Aliutunza kama amana. Alikata miti iliyopinda ili iliyonyooka ipate jua, aliziba mianya ya ua mbuzi wasile machipukizi, na kabla ya kuangusha mti wowote alikata kwanza mimea itambaayo iliyoufunga na miti ya jirani. Humo alimruhusu Thabiti, mrina asali, kutundika mzinga wake.

Siku moja adhana ya adhuhuri ilimkuta shoka mkononi. Numani alikuwa na pupa ya safu ya mbele msikitini, na pupa ni pupa hata ikivaa kilemba. Akaumalizia mti bila kukata ile mimea. Mti ukavutwa upande, ukaukumba mzinga wa Thabiti, nao mzinga ukaanguka na kupasuka. Akasema moyoni, "Nitamwambia baada ya swala," akaenda mbio.

Aliporudi alimkuta Thabiti kashika kichwa. Nyegere alikwisha kufika, kala masega na kuacha nyayo kila mahali.

"Nyegere huyu, Mungu amlaani! Mzinga wa miaka sita, Numani!"

Numani akanyamaza. Aliona haya na, kwa kweli, aliogopa. Ada ya nchi ile ilikuwa kwamba avunjaye mzinga humpa mwenye mzinga mti autakao atundike mzinga mwingine, na mti wenye nyuki haukatwi. Naye alikuwa na mtarakwa mmoja mnyoofu, aliouangalia miaka ishirini uwe boriti ya nyumba yake, maana paa lilikuwa limebonyea. Alijua Thabiti atachagua upi.

Akaenda kumweleza mkewe, Lubaba. Bibi yule akaitazama nguzo iliyotegemeza paa katikati ya chumba, machozi yakamlengalenga.

"Mume wangu, boriti hiyo nimeingoja tangu nilipokuwa bi harusi. Lakini nyegere hatasimama mbele ya Mola kutujibia."

Alasiri ile ile Numani akamwendea Thabiti.

"Ndugu yangu, aliyeuangusha ni mimi. Nyegere aliukuta umeshapasuka."

Thabiti alighadhibika, wala hakusamehe upesi. Aliutaka mtarakwa, akapewa. Numani akachonga mzinga mpya kwa mkono wake, akaupandisha. Wiki ya tatu nyuki wakaingia. Akaenda kuwatazama, akasema, "Alhamdulillahi," na safari hii neno lilimtoka kwa taabu.

Nyuki wale hawakuhama uhai wake wote, naye alizeeka na kufa chini ya paa lile lile lililobonyea.

Enyi ndugu, kukiri baada ya kushikwa ni jambo jepesi. Numani alikiri wakati lawama imeshapata wa kuibeba, na mbebaji hana ulimi wa kukana. Tumuombe Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli kabla hatujaulizwa.