Dawa Iliyolala Kabatini

Leo nawapeleka bandani kwa nguruwe, wapendwa. Mliovaa vitenge vipya msikunje pua, maana Krismasi ikifika sijamwona hata mmoja wenu akiikimbia sahani.

Kulikuwa na mama mmoja huko kwenye milima ya baridi, mahali ambapo kila nyumba ina banda la nguruwe kwa nyuma. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu nikilitaja hapa kuna watu wataitika. Mama huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufuga pale kitongojini. Jirani yake, mwanamke mdogo kwake kwa umri, alipoolewa akaletwa pale, alikuwa hajui hata kumshika mtoto wa nguruwe asimtoroke. Ni mama huyu aliyemfundisha. Akampa na jike la kuanzia, bure, kwa mkono wake mwenyewe.

Basi yule mdogo akashika kazi. Akasakafia banda. Akaweka karai la maji ya dawa mlangoni, na kila anayeingia sharti avue viatu vyake, avae gambuti za hapo hapo, akanyage kwenye karai ndipo apite. Jike lake likazaa kumi na watatu, na wote wakasimama. Wageni wakaanza kumiminika. Bwana mifugo akileta akina mama wa usharika mwingine waje kujifunza, wanapita mlangoni kwa mama yetu, wanamwamkia, "Shikamoo mama," halafu wanauliza, "Samahani, kwa yule mfugaji hodari ni wapi?"

Mmelisikia hilo swali? Mtu umemlea kwenye kazi, leo unaulizwa wewe njia ya kwenda kwake. Mama akawaonyesha kwa kidole, akacheka mpaka jino la mwisho, akarudi uani akapasua kuni ambazo hazikuwa na haja ya kupasuliwa. Roho ilimuuma. Alijiambia, hodari ni yeye, na mimi ni nani? Mimi ni kibao cha kuonyesha njia?

Siku chache baadaye jike la mama nalo likazaa, watoto tisa. Siku ya tatu wakaanza kuharisha, maji matupu ya manjano, mikia imelowa, ngozi imewalegea mgongoni. Akawachoma sindano ya dawa ile inayouzwa kila duka. Wapi. Bwana mifugo akachukua kinyesi akakipeleka maabara mjini, na majibu yakarudi kwamba ni vijidudu vya tumboni, tena dawa ya dukani vimekwisha kuizoea, vinaogopa dawa nyingine kabisa. Akamletea chupa ya hiyo nyingine. Lakini chupa ilifika wanane wamekwisha kuzikwa, na wa tisa akafa jioni ile ile. Mama akaiweka kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, haijaguswa.

Sasa angalieni wivu unavyofanya kazi. Mtu mwenye msiba hutafuta sababu. Yeye hakusema, "Banda langu lina tope." Alisema, "Huyu jirani ana kitu." Na watu wa kwetu tukisema fulani ana kitu, mnajua tunamaanisha nini. Akaenda mpaka mlangoni kwa mwenzake.

"Mdogo wangu, nifungulie niwaone watoto."

"Karibu nyumbani tunywe chai, dada. Bandani siwezi kukuingiza, kwa ugonjwa huo ulioko kwako. Bwana mifugo amekataza mwezi mzima."

"Kwa hiyo mimi ndiye ugonjwa?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Hao watoto unaonifungia mlango nisiwaone, mama yao alitoka mikononi mwangu."

Akaondoka. Chai hakuinywa.

Jumapili, kengele ya pili imekwisha kulia, watu wako kanisani wanaimba, mama akavaa gambuti zake, zile zile alizovaa akizika watoto wake. Akapenya kwenye uzio, akaliruka karai la dawa, akaingia. Alikuwa anatafuta hirizi. Akafunua nyasi za kulalia, akapapasa juu ya mbao, akachungulia chini ya kihori. Alikuta nini? Sakafu kavu. Maji safi. Jike limelala ubavu, na kumi na watatu wamejipanga wananyonya, wamenona hao. Hapo ndipo wivu ulipomkaba kuliko siku zote, kwa sababu angekuta hirizi angepata nafuu. Hakukuwa na siri yoyote. Ilikuwa bidii tu, na bidii ya mwenzako, ndugu zangu, utamshitaki nani?

Jumatano watoto wa jirani wakaanza kuharisha. Maji ya manjano. Habari ilipomfikia mama, kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa utamu. Nasema ukweli, msiniangalie hivyo. Alisema kimoyomoyo, "Naye aonje." Utamu wenyewe haukumaliza saa moja. Alimwona jirani anapita mbio kutoka dukani, kanga imemwanguka begani, mkononi kashika chupa ya dawa ile ile ya siku zote. Bwana mifugo alikuwa ameitwa mkoani kwenye semina, na simu yake haipatikani. Mama akajua. Dawa ile kwa ugonjwa ule ni sawa na maji ya mtoni, na dawa yenyewe imelala kabatini kwake.

Uzio uko hatua kumi. Neno la kusema ni fupi, "Usiwape hiyo, wape hii." Lakini akilisema ataulizwa, umejuaje kwamba ni ugonjwa ule ule? Na ugonjwa wa kwako umefikaje huku, wakati hatukukufungulia? Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa waliokuwa wanakufa hata hawakuwa wa kwake. Alifungua kabati mara tatu, akafunga mara tatu. Alhamisi wakafa wanne. Ijumaa watano. Jumamosi alfajiri wawili.

Asubuhi ile mama aliuacha uji wake mezani. Akaitoa chupa, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda. Alimkuta jirani amepiga magoti bandani, anamnywesha mtoto wa nguruwe maji ya sukari na chumvi kwa kijiko. Walikuwa wamebaki wawili.

"Mdogo wangu, mimi ndiye niliyeuleta huu ugonjwa. Jumapili niliingia humu na gambuti zangu. Na dawa yake hii hapa, ninayo siku zote hizi."

Jirani hakuinua kichwa. "Najua, dada. Mama mkwe hakwenda kanisani Jumapili, miguu ilikuwa inamsumbua. Alikuona kutoka dirishani."

"Ulijua tangu Jumapili?"

"Tangu Jumapili. Na kwamba una dawa nilijua vilevile. Bwana mifugo aliniambia kabla hajasafiri."

Mama akaketi pale pale sakafuni. "Sasa mbona hukuja kunigongea?"

Jirani akainua uso, macho mekundu kwa kukesha na kwa kulia. "Nilisema siendi kumpigia magoti mtu aliyeniharibia. Yeye ndiye mwenye kosa, aje yeye. Nikajidanganya kwamba ya dukani itatosha mpaka uje." Akamfuta mtoto yule mdomo kwa kidole. "Nimekusubiri siku nne, dada. Kila alipokufa mmoja nilikuwa nachungulia uzioni kama unakuja."

Waliwachoma sindano wale watoto wawili, mmoja ameshika, mwingine anachoma. Mtoto mmoja alipona. Mwingine alifia mikononi mwa wote wawili.

Sasa nawaona mlivyokaa. Tangu nilipoanza mnageuza shingo, mnamtafuta mwenye wivu kwenye benchi la mwenzenu. Wengine mmestarehe kabisa, kwa sababu mmejiona ni yule mdogo, mchapa kazi, aliyeonewa bila kosa. Ni kweli alionewa, na mimi simpunguzii haki yake hata chembe. Lakini niambieni, wale kumi na wawili waliuawa na nani? Mmoja alileta ugonjwa kwa wivu. Mwingine alijua dawa iko wapi, akaikalia haki yake siku nne huku anahesabu maiti.

Sisi ndivyo tulivyo. Humu ndani kuna dada na mdogo wake, wa tumbo moja, hawajapeana mkono tangu kipaimara cha mwaka juzi. Mmoja alimkosea mwenzake, na sitaki kuambiwa ni nani. Ninachojua ni kwamba watoto wao wamekatazwa kuchezeana, na bibi yao ni mgonjwa, anatembelewa kwa zamu ili mabinti wasikutane kitandani kwake. Bibi yule ana siku ngapi? Mnasubiri nini? Mwenye kosa anaogopa kuulizwa. Asiye na kosa anachungulia uzioni. Na katikati yao kuna anayekufa.

Sadaka nimewaomba wazee waicheleweshe kidogo. Mimi nitakaa, kwaya itanyamaza, na hakuna atakayemwangalia mwenzake ameinuka kwenda wapi. Mwenye kosa ainuke aende kwa ndugu yake. Na wewe usiye na kosa, wewe uliyeonewa kweli kweli, usimsubiri. Tangulia.