Kiziwi Kimoja, Kiziwi Mmoja

Mtu mmoja alikuwa na kijiji cha kukiongoza na binti wa kujivunia. Jambo lao lilianza siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, pale mtu huyo, Mzee Nandonde, alipotoa meza nje, kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, akaifuta vumbi kwa kiganja chake mwenyewe, na kumwita binti yake mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye mwandishi wetu," alisema. "Amesoma chuo kikuu miaka mitatu, na alichosomea ni haki. Leo hakuna wa kupunjwa."

Watu wakapiga makofi. Binti, aliyeitwa Somoe, akaketi, akafungua daftari, na akahesabu mistari ya ukurasa kwa ncha ya kalamu ili asilazimike kumtazama mtu machoni.

Siku tisa kabla ya hapo mto ulikuwa umeacha njia yake, ukapita katikati ya nyumba za bondeni na kuondoka nazo thelathini na nane. Mkutano wa kijiji ukaamua walioathirika wahamie juu, kwenye mteremko wa kilima, na ukaweka kanuni. Kaya ya watu sita na zaidi, kiwanja cha upana wa hatua hamsini. Kaya ya watu wawili hadi watano, hatua thelathini. Mtu mzima aliyekuwa akiishi peke yake, hatua ishirini. Kila mwenye kiwanja angekabidhiwa kigingi kimoja cha mti, akakipigilie ardhini kwa mkono wake mwenyewe, na kuanzia hapo asiwepo wa kumwuliza.

Somoe alikuwa mtu wa wasiwasi. Alipiga mistari kwa rula hata pale palipokuwa na mistari. Jina likimpita kidogo aliomba litamkwe tena, na baada ya kuliandika alilisoma kwa sauti ili mwenyewe athibitishe. Tasnifu yake ya mwisho chuoni ilihusu haki za watu wenye ulemavu, kurasa hamsini na nne, bila nukta iliyokosewa. Baba yake aliihifadhi sandukuni pamoja na cheti chake cha ndoa, ingawa hakuelewa hata nusu yake, na mgeni akifika alimwonyesha unene wake.

Ilipofika zamu ya Issa Nambunga, mkulima wa ufuta, mtu wa maneno mengi na mwepesi wa kucheka, alisimama mbele ya meza akahesabu kwa vidole.

"Andika, dada. Mimi, mke wangu, watoto watatu, mbuzi wanne, na kiziwi kimoja."

Somoe akaandika kama alivyosikia. Kisha kalamu ikasita. Kuna kitu kilimkwaruza, kama mchanga kwenye mboga. Akausoma tena mstari ule na akakiona. Nomino za viumbe hai, hata zikianza na ki-, hazipatanishwi kama vitu. Hatusemi kipofu kile, tunasema kipofu yule. Akachukua rula, akalikata neno moja kwa mstari ulionyooka, na juu yake akaandika jingine.

"Kiziwi mmoja," alimwambia Issa kwa upole. "Si kimoja, kaka."

"Haya, mwalimu, awe mmoja," Issa akacheka. "Ilimradi tumefika sita."

Na Somoe akaendelea na mstari uliofuata, moyo wake umetulia, kama mtu aliyeng'oa mwiba.

Huyo aliyeitwa kiziwi alikuwa dada yake Issa. Jina lake lilikuwa Zamoyoni. Alikuwa mfinyanzi, na hapakuwa na jiko kijijini lisilokuwa na chungu chake; hata Somoe alilelewa kwa uji uliopikwa ndani ya kimoja. Bondeni alikuwa na nyumba yake mwenyewe, chumba na sebule, aliyoijenga kwa kazi ya udongo, na mto uliichukua siku ile ile ulipozichukua za wenzake. Alikuwa na miaka arobaini. Watu walimwita Bubu, na kwa kuwa hakuwahi kugeuka walipomwita hivyo, waliamini kwamba hana neno.

Asubuhi yote Zamoyoni alisimama kwenye foleni nyuma ya kaka yake. Issa alipomaliza, alimgeukia, akampungia mkono kwa maana ya tayari, yamekwisha. Zamoyoni akatoka kwenye foleni, akaenda kusubiri kigingi chake kivulini mwa ukuta.

Saa nane mchana Mzee Nandonde alitia saini, akapiga muhuri, akaanza kusoma majina. Kila aliyetajwa alikwenda mbele, akapokea kigingi, na vigelegele vikapigwa. Zamoyoni hakuyasikia majina, lakini aliviona vigingi. Aliuona mzigo ukipungua. Vilikuwa thelathini na saba. Kilipotolewa cha mwisho, mikono yake ilikuwa mitupu, na watu walianza kukung'uta nguo zao ili wapande kilimani.

Akaja mezani. Akaweka kidole kwenye daftari, kisha kifuani pake.

Somoe akatabasamu, kwa sababu hilo lilikuwa swali analoliweza. Akarudi kurasa mbili, akautafuta mstari wa Issa, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: upo hapa, hatukukusahau.

Jambo ambalo Somoe hakulijua, na ambalo angelijua kama angeuliza, ni kwamba Zamoyoni alisoma miaka minne katika shule ya viziwi ya wilayani, mpaka mama yao alipougua akarudishwa nyumbani kumwuguza. Zamoyoni akauinamia mstari ule akausoma. Akarudia kuusoma. Akaweka kidole kwenye mbuzi wanne, akakisogeza kidogo kulia mpaka kwenye neno lililofuata, na hapo kidole kikabaki. Kisha akanyoosha mkono, akaitoa kalamu kwenye vidole vya Somoe, si kwa nguvu, na chini ya mstari wa mwisho akaandika kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la nne:

Zamoyoni Nambunga. Mtu 1. Nyumba 1. Imeanguka.

Aliandika vile vile walivyoandikwa wengine, kwa mpangilio ule ule. Kisha akairudisha kalamu mezani na kusimama.

"Aa! Kumbe Bubu anaandika!" mtu akasema, na watu wakarudi barazani kutazama.

Issa akaja mbio. "Sasa huyu kiwanja cha nini? Ataishije peke yake? Akipigiwa hodi, nani atamwitikia?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Bi Sikudhani, jirani yao wa miaka mingi, akajibu bila kuinuka alipokuwa ameketi: "Wewe mwenye masikio uliitwa mara tatu kuchimba mtaro wa kijiji, Issa. Uliitikia mara ngapi?"

Kicheko kikamgeukia Issa.

Mzee Nandonde akamsogelea binti yake, akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo baba huitumia akiomba. "Mama, daftari limeshapigwa muhuri. Vigingi vimekwisha. Nitazungumza na kaka yake, atamjengea chumba uani. Usiniaibishe mbele za watu."

Somoe alilitazama daftari. Alianza kuhesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko kulikomtuliza. Issa, mke, watoto watatu: watano. Watano hupata hatua thelathini. Wa sita amempatia Issa hamsini. Mtu mzima aliyekuwa akiishi peke yake hupata ishirini. Akahesabu tena, na jibu halikubadilika. Hatua ishirini za Zamoyoni hazikupotea popote. Zilikuwa zimekaa ndani ya hamsini za kaka yake. Dada huyo alihesabiwa kuwa mtu ili aongeze ardhi, na kilipogawiwa kigingi hakuwa mtu tena.

Na aliyeandika hivyo si Issa. Issa alisema tu. Aliyeandika ni yeye, Somoe, kwa mwandiko mzuri, na rula.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua kwamba alisita pale asubuhi. Ule mkato mdogo juu ya neno moja nani angeuulizia? Kosa lingebaki la Issa, au la haraka, au la mto. Yeye angebaki binti aliyesomea haki, na sandukuni kurasa hamsini na nne zingebaki bila doa. Kule chuoni walifundishwa kumtambua anayenyima wenzake haki, nao wakamchora kila mara kwa sura ya mtu mwingine: bwana mkubwa, askari, tajiri mwenye uzio. Hakuna somo lililomchora akiwa na kalamu na nia njema.

Akasimama. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

"Baba, muhuri umepigwa juu ya kosa langu. Asubuhi nilisikia neno limekosewa, nikalisahihisha neno. Mtu aliyekuwa ndani ya lile neno sikumwona. Na nilisomeshwa miaka mitatu ili nimwone."

Somoe akaweka rula juu ya mstari wa Issa, akakata maneno mawili ya mwisho, kiziwi na mmoja, akaandika jina lake yeye pembeni ili kila atakayelifungua daftari lile ajue mkono uliokosea ni wa nani. Kisha akamgeuzia baba yake daftari, kwenye mstari ulioandikwa kwa herufi za darasa la nne, akangoja.

Mzee Nandonde hakulitazama daftari. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na hapana aliyeweza kusoma usoni pake kama ni hasira. Halafu akashuka ngazi, akachukua panga lililoegemezwa ukutani, akaenda kwenye ua wa ofisi, akakata mti mmoja. Akauchonga ncha mwenyewe, taratibu, vipande vikiangukia miguuni pake. Aliporudi alikuwa na kigingi kibichi, cheupe kuliko vyote vilivyotolewa siku ile.

Akakishika juu, watu wakione.

"Leo nimesahihishwa hadharani na mtu niliyemlea mwenyewe," alisema. "Haya, nani kati yenu ana mali kama hii?"

Wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha watu wanaopendana. Mzee Nandonde akamkabidhi Zamoyoni kigingi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Vigelegele vikapigwa, virefu kuliko vya wote waliotangulia. Na Bi Sikudhani, alipokumbuka kwamba Zamoyoni havisikii, akainua mikono juu akaitikisa, na mmoja mmoja watu wakamfuata, mpaka baraza nzima ikajaa mikono iliyoinuliwa.

Walipopanda kilimani walipima upya. Issa alinuna, lakini alishika kamba upande wa pili, akaivuta mpaka ikanyooka. Thelathini, kisha ishirini, na haikubaki hata nusu hatua. Zamoyoni akapiga magoti, akatafuta jiwe linalomkaa mkononi, akakigongea kigingi. Alikigonga mara tisa. Kisha akainuka, akasimama katikati ya ardhi yake wima kabisa, kidevu juu, wala hakumtazama mtu kutafuta ruhusa. Hakumshukuru Somoe. Somoe alilitambua hilo, na katika kushuka kilima alistaajabu kuona kwamba halimchomi. Nani humshukuru mtu kwa kumrudishia kilicho chake? Alitembea nyuma ya baba yake akiwa na fahari asiyoizoea. Ile ya zamani ilimtaka asikosee. Hii haikumdai hivyo.

Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumatano, saa moja kamili, alilifungua tena daftari ili alinakili upya, kwa kuwa hakuweza kuvumilia mikato. Akaanza na Issa. Issa Nambunga, mke, watoto watatu, mbuzi wanne. Kalamu ikasita kama ilivyosita jana, ila safari hii hakuna sarufi iliyokosewa. Akageuza ukurasa. Mke. Mke. Mke na bibi mzee. Watoto wanne. Mke. Alihesabu wake thelathini na mmoja, wote kwa mwandiko wake mzuri.

Akalifunga daftari, akalitia kwapani, akatoka bila kunywa chai. Alifika kwenye kibanda cha turubai cha Issa, akapiga hodi. Mke wa Issa akatoka, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Karibu, dada. Issa hayupo, amekwenda kukata miti."

"Shikamoo. Sikumfuata Issa, nimekufuata wewe. Nakuandika."

"Marahaba. Mimi tena?" Mwanamke akajifuta mikono kwenye kanga, akacheka kwa haya. "Niandike tu Mama Shaibu. Wote ndivyo wanavyonijua."

Somoe akaketi juu ya jiwe mlangoni, akafungua ukurasa mpya, akaiweka tayari kalamu bila kuandika.

"Shaibu nitamwandika mstari wake," alisema. "Wewe mwenyewe unaitwa nani?"