Bibi Pimbi Amfundisha Fisi Kukohoa

Ngano inakuja!

— Na ije, mkeka tumeutandika!

Ije na nini?

— Ije na utamu wake, chumvi tutatia wenyewe!

Mmesogeleana?

— Tumesogeleana!

Sogeleaneni zaidi. Wewe wa mlangoni, ingia ndani, hakuna anayekufukuza. Ngano hii ni ya wakati ambao kusogeleana kulikatazwa, na mimi siwezi kuisimulia huku nawaona mmekaa mbalimbali kama mliogombana. Haya.

Hapo kale kikohozi kiliingia mwituni. Hakikuwa kile cha vumbi, unakohoa, unakunywa maji, kinaisha. Hiki kilikuwa kikohozi chenyewe. Kho kho kho asubuhi, jioni mtu hayupo. Leo kimemchukua mbega, kesho kimemchukua mkwewe. Wanyama wakakaa kikao, kila mmoja juu ya kichuguu chake, wakipigiana kelele kutoka huku na huko, wakakubaliana hivi: kila mtu akae kwake. Ukitoka, jifunge jani la mgomba mdomoni. Ukikutana na mwenzio, acheni kati yenu urefu wa chatu. Na mto asivuke mtu, isipokuwa mwenye siku yake ya kliniki kwa Daktari Korongo, ng'ambo ya pili.

Mto ule ulikuwa na daraja moja tu, gogo la mvule lililoanguka zamani. Kulilinda daraja wakamweka Fisi. Kwa nini Fisi? Msiniulize mimi. Walisema ana mataya.

Sasa, upande wa huku, juu ya jabali, aliishi Bibi Pimbi. Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, kanene, hakana mkia, kanapenda jua kuliko chakula. Na pimbi hawaoti jua mmoja mmoja. Wanalaliana, huyu juu ya yule, mpaka hujui mguu huu ni wa nani. Tangu amri itoke, Bibi Pimbi alikuwa akiota jua peke yake. Jua lilikuwa lilelile, lakini mgongo haukupata joto.

Binti yake, Siwema, alikuwa ameolewa ng'ambo. Siku moja Mbayuwayu, ambaye hana haja ya daraja, akaja akatua kando akasema, "Bibi, Siwema kajifungua salama. Mtoto wa kiume. Anasema ana macho yako. Anasema uje umtoe."

Kumtoa ni hivi. Kwa pimbi wa siku zile, mtoto mchanga alikuwa hatoki pangoni mpaka bibi mzaa mama aje, ambebe mgongoni, amtoe nje, amwoneshe jua. Bibi asipokuja, mtoto anabaki gizani. Ndivyo Bibi Pimbi alivyotolewa na bibi yake, ndivyo alivyotolewa Siwema. Na huyu mjukuu alikuwa humo pangoni anasubiri mgongo mmoja tu dunia nzima, na mgongo wenyewe uko huku, umezuiwa na fisi.

Bibi Pimbi alikosa raha. Akila, hasikii ladha. Mara anajishika mgongoni, pale atakapokaa mtoto, kisha anaona haya, anautoa mkono.

Bahati yake ilikuwa magoti. Magoti ya Bibi Pimbi yalikuwa mabovu, na kwa ajili ya hayo alikuwa na kliniki kwa Daktari Korongo. "Magoti yangu," akayaambia, "mmenitesa vya kutosha. Leo nisaidieni." Siku yake ilipofika akanawa mikono kwa majivu, akajifunga jani, akashuka, tiki-tiki, tiki-tiki, mpaka darajani.

Fisi alikuwa amejinyoosha juu ya gogo. Jani lake amelishusha kidevuni apate kutafuna.

"Hodi, Afande. Nina kliniki."

"Ya nini?"

"Ya magoti."

"Umeniletea nini?"

"Nimekuletea majani ya mpera, machanga kabisa."

Fisi akayanusa, akacheka, hi-hi-hiii. "Kliniki yako imeahirishwa. Njoo wiki ijayo."

Nyuma yake akaja Ngiri na mfupa wenye nyama. Ngiri akapita, hakuulizwa hata jina. Bibi Pimbi akarudi kwake, tiki-tiki, tiki-tiki.

Wiki iliyofuata akaja tena.

"Hodi, Afande. Nina kliniki."

"Ya nini?"

"Ya magoti, ileile."

"Umeniletea nini?"

"Nimekuletea viazi vitamu."

Hi-hi-hiii. "Imeahirishwa. Njoo wiki ijayo."

Pembeni ya daraja alikuwa amesimama Swala, tumbo liko mbele, machozi yanalowesha jani lake. Naye kliniki yake ilikuwa imeahirishwa mpaka mwenyewe amesahau ilikuwa ya lini. Fisi alikuwa amemwambia kwamba tumbo halina haraka. Jamani, tumbo la miezi ile halina haraka.

Mbayuwayu akaja na habari. "Bibi, Siwema anasema mtoto ameanza kuufuata mwanga. Kila akifika karibu na mlango, mama yake anamvuta mguu anamrudisha ndani, na analia."

"Analia nani, mtoto au Siwema?"

"Wote wawili."

Bibi Pimbi akajishika tena mgongoni. Kisha akasema, "Mwambie namtaka mtoto yule. Mwambie namtaka mpaka kifua kinauma." Halafu akakumbuka zama zile ni zama gani, akaongeza haraka, "Kinauma kwa hamu. Si kikohozi. Usije ukanitangaza vibaya."

Wiki ya tatu hakubeba kitu. Alifika darajani, akaacha urefu wa chatu, akakaa chini, akaguna.

"Unaguna nini?" Fisi akauliza. "Kliniki yako imeahi—"

"Sikuja kwa kliniki, Afande. Nina hasira zangu, naomba nizipumzishe hapa. Hivi hii ni haki kweli? Wewe unakaa juani unalinda watu, unaambulia vimifupa. Mwenzio Nungunungu kakohoa kidogo tu, kapelekwa pango la karantini, sasa kazi yake kulala. Chakula anawekewa mlangoni. Wakishaweka, wanakimbia."

"Wanakimbia?"

"Nani atakaa? Hakuna wa kumwomba hata tonge. Chote chake."

Fisi akaacha kutafuna. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kula bila ndugu zake kumkodolea macho. "Chakula gani?"

"Mimi mla majani nitajuaje mambo ya nyama? Nimesikia paja."

"Paja la nani?"

"Sikuuliza. Niliambiwa waliolibeba walikuwa wanahema."

Fisi akameza mate, gudu. "Na huko mtu anaingiaje?"

"Ukohoe, Daktari Korongo akusikie. Lakini wewe hutaweza, Afande. Wewe umezoea kucheka."

"Nani kasema sitaweza?" Fisi akasimama, akavuta pumzi. "Hi-hi-kho."

"Hicho ni kicheko. Ukikitoa penye msiba utapigwa."

"Hi-kho-hi."

"Toa chini, tumboni. Mfikirie mtu anakula mbele yako na hakukaribishi."

"KHO!" Gogo likatikisika. "KHO! KHO! KHO!"

"Ewaa," Bibi Pimbi akasema kwa upole. "Hicho hata mimi kimenitisha."

Ng'ambo, Daktari Korongo aliinua shingo. Akaja kwa hatua zake ndefu, nyaka, nyaka, nyaka, akasimama mbali, akamchungulia Fisi koo. Naye Fisi hakumpa nafasi ya kuuliza. "KHO! KHO! Nakufa, daktari, nipeleke."

"Pangoni," Daktari Korongo akasema. "Na ufunge jani lako vizuri."

Fisi alikwenda mbio. Wauguzi walisema hawajapata kumwona mgonjwa anayekimbilia karantini kama yule. Akaingia, akakaa mlangoni, akatandaza mikono. Saa ya chakula ilipofika akawekewa uji mwepesi wa mtama usio na chumvi, na kibuyu cha mwarobaini. Wakakimbia.

"Paja liko wapi?" Fisi akaita.

"Rudi ndani," wakamjibu kwa mbali. "Kunywa dawa."

Huku nyuma daraja lilikuwa wazi. Swala akavuka na tumbo lake. Kobe akavuka na jicho lake lililokuwa likimsumbua tangu masika. Wakavuka kwa zamu, wenyewe, wakiachiana urefu wa chatu bila kusukumwa na mtu. Na Bibi Pimbi? Bibi Pimbi alikuwa kashapotea. Magoti aliyasahau darajani. Tiki-tiki-tiki-tiki, anapanda jabali la ng'ambo, anahema, anaita, "Siwema! Siwema mwanangu, nimekuja!"

"Mama!" Siwema akatokea mlangoni, mikono wazi.

"Simama hapo, bibi," sauti ikasema nyuma ya Bibi Pimbi.

Alikuwa Daktari Korongo. "Wewe ndiye uliyekuwa na Fisi asubuhi."

"Nilikuwa mbali naye, daktari. Urefu wa chatu."

"Chatu yupi? Mkubwa au mtoto wake?"

Bibi Pimbi akarudi nyuma hatua mbili.

Daktari Korongo hakuwa mtu mbaya. Akasema taratibu, "Nisikilize. Kile kikohozi sikuwahi kusikia cha namna ile. Kama Fisi anaumwa kweli, wewe umekaa naye, na humu ndani kuna mtoto mchanga. Itabidi ukae peke yako mpaka mwezi uandame upya. Na kama Fisi haumwi, kama unajua kwamba haumwi, niambie sasa hivi. Wewe utaingia kwa mjukuu wako, na yeye nitamtoa arudi kazini kwake."

Pango lilikuwa palepale. Bibi Pimbi alisikia harufu ya mtoto, ile ya maziwa na nywele mbichi. Akasikia vikucha vinakwaruza jiwe, kwaru kwaru, mtoto anakuja mlangoni, na Siwema anamrudisha. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, tena neno la kweli. Akageuka akatazama mtoni. Darajani alikuwa anavuka Digidigi na mtoto mgongoni, anayumba, na nyuma yao wengine wanasubiri zamu.

"Anaumwa, daktari," akasema. "Anaumwa sana."

Wakampa jabali la jirani. Kati ya jabali na pango palikuwa na urefu wa chatu yule mkubwa. Hapo ndipo Bibi Pimbi alipojua kwamba kule kwake, upande ule mwingine wa mto, kulikuwa afadhali. Kule alikuwa haoni, sasa anaona. Anamwona Siwema akinyonyesha huku amemgeuzia bibi mgongo, anaona kisigino cha mtoto, basi. Kila jua lilipotoka alijilaza peke yake kwenye jiwe na kuita, "Mwenzangu wa humo ndani, umeamkaje?" Na mtoto, ambaye hajui kusema, anajibu, "Nyii." Bibi anamweleza jua limefika wapi, limegusa mti gani, lina joto kiasi gani leo. "Nyii," mtoto anajibu. Kisha bibi anageuza uso upande wa pili, Siwema asimwone anavyolia.

"Mama," Siwema akaita siku moja, "nimtoe mwenyewe? Mtoto amekuwa mkubwa."

"Mtoe ikiwa unaona vema," Bibi Pimbi akasema. Lakini sauti yake ilikatika katikati, na Siwema hakumtoa.

Mwezi ukaandama. Daktari Korongo akaja, akamtazama koo, akasema haya bibi, nenda. Bibi Pimbi akataka kuinuka. Magoti yakagoma. Alikuwa amelala juu ya jiwe siku zote zile, yameganda. Anajaribu, anakaa. Anajaribu, anakaa. Mlangoni, Siwema alikuwa amesimama kutazama, akasahau kumshika mtoto mguu.

Mtoto akatoka. Alitoka mwenyewe, macho kayafinya kwa mwanga, akapiga chafya. Hakumtazama mama yake wala hakuangalia jua. Alisikiliza. "Magoti yangu, jamani," Bibi Pimbi alikuwa akinung'unika, na mtoto akaifuata sauti ile, anaanguka, anainuka, mpaka jabali la jirani. Akapanda. Akapanda na mgongo wa bibi, akazunguka, akatafuta pa kulala, akalala. Mzito huyo, amekuwa mkubwa kweli. Bibi Pimbi akaacha kujaribu kuinuka. Siwema akaja akawalalia wote wawili, na mgongo wa bibi ukapata joto. Tangu siku hiyo watoto wa pimbi hawasubiri kutolewa. Wanatoka wenyewe, wanawapanda wakubwa mgongoni.

Fisi? Alitoka karantini kakonda, akakuta darajani hahitajiki. Mpaka leo akicheka, sikilizeni vizuri, kuna kikohozi humo ndani.

Haya, fundisho. Kaeni vizuri, hili ndilo lililowaleta. Kliniki yako ikiahirishwa, rudi nyumbani utulie, na wala usimdanganye mwenye cheo. Bibi Pimbi alidanganya, mkayaona yaliyompata: kavuka mto, kavusha na wenzake, na kalemewa na mjukuu mgongoni mpaka akashindwa kusimama. Nyie mnayataka hayo?

— Tunayataka!

Basi hamkunisikiliza. Ngano yangu imeishia hapo, nimeitua.

— Nasi tumeibeba!