Askari wa Pembeni

Ndugu zangu, walikuwepo kaka na mdogo wake, tumbo moja, ambao tangu mazishi ya mama yao hawakusemezana. Miaka mitatu. Kilichowakutanisha ni sataranji: fainali ya wilaya, katika ukumbi wa klabu ya walimu.

Mdogo mtu alijiandaa. Alimjua kaka yake: hufungua mchezo kwa kishindo, askari wa katikati mbele, farasi nyuma yao, na kabla hujakohoa mfalme wako yuko matatani. Miezi minne alikariri majibu ya shambulio hilo, hata mkewe akamwambia, "Baba Neema, si ungempigia tu simu?" Simu alishaishika mara nyingi. Kidole ndicho kilichogoma.

Siku ikafika. Kaka akapata kete nyeupe, yaani ndiye wa kuanza. Akanyoosha mkono, akamsogeza askari wa pembeni kabisa, hatua moja. Basi.

Mdogo akatoka jasho. Mtego gani huu? Kila mmoja alipewa saa moja kwa mchezo wote, na muda wake ulikuwa unakwenda. Akaukodolea ubao macho. Dakika kumi. Ishirini. Mtazamaji mmoja akashindwa kuvumilia: "Bwana wee, hiyo ni kete, si nyoka!" Watu wakacheka. Dakika ya arobaini na tano ndipo akajibu. Toka hapo ikawa mbio. Alicheza vizuri, akawa anaelekea kushinda, lakini muda ukamwishia. Akahesabiwa ameshindwa.

Walipopeana mikono, hakuweza kujizuia.

"Ile hatua ya kwanza, kaka. Mtego wake ulikuwa upi?"

"Mtego?" Kaka alishangaa kweli. "Askari yule pale hafanyi kitu. Nilikuwa nakuachia wewe uanze. Utotoni sikukuachia kete nyeupe hata siku moja. Na yale niliyokutamkia msibani... nilikosa pa kuanzia, mdogo wangu."

Je, sisi? Ni nani alitusalimia wiki hii, tukabaki kuichunguza salamu yake? Mwenzio amepika chakula unachokipenda, nawe unajiuliza anataka nini. Si kwamba sisi ni wabaya, wapenzi. Tuliumizwa, tukajifunza kujilinda, na tumejifunza vizuri mno. Wale wawili walibahatika: kilichowaishia ni muda wa mchezo tu. Wangapi wetu tumeipokea amani ya ndugu tukiwa tumesimama kaburini kwake?

Tukitoka hapa, mtu akikunyooshea mkono, mpe wako kabla hujamaliza kuwaza.