Mlio wa Baiskeli ya Shija

Anayetafuna karanga azimeze kwanza. Hadithi hii inataka masikio. Nikimaliza nitawauliza swali, na msinitazame usoni mkitafuta jibu, maana sinalo.

Huko Mwagimbu, kijiji cha mnada wa ng'ombe, palikuwa na watu watatu waliopata sifa kwa ajili ya baiskeli.

Wa kwanza alikuwa Lugwisha, mwenye sikio. Baiskeli mbovu ikipita alikuwa hainui hata kichwa. Ikilia mara moja kila pedali inapozunguka, alijua ubovu uko kwenye pedali au kwenye kranki. Ikilia kwa kuchelewachelewa, kila mizunguko miwili mitatu, alijua ni pingili ya cheni iliyokakamaa. Ikiendelea kulia hata ukiacha kukanyaga, basi kuna kasoro kwenye gurudumu. Hakukosea, ila alikuwa bahili wa maneno. Alitamka neno moja, kisha akanyamaza.

Wa pili alikuwa Holo, mwenye miguu. Msichana huyu alipanda chochote chenye magurudumu mawili, na wanaume walikula vumbi lake huku wakidai eti upepo ulimsaidia.

Wa tatu alikuwa Kashinje, binti wa mhunzi, mwenye jicho la chuma. Ukimpa chuma kilichovunjika, alikuambia kilianza kuvunjika wapi, na kama ni jana au zamani.

Basi, Shija mwana wa Mabula alikuwa na baiskeli ya mbio, nyepesi, ya pekee kijijini. Siku ya mashindano vijana walizunguka uwanja wa mnada, raundi baada ya raundi, na Shija alikuwa mbele. Lakini baiskeli yake ilikuwa inalia. Akisimama juu ya pedali, ka! ka! ka! Akiiacha iteleze yenyewe, kimya. Kelele ile ilimkera kijana wa watu. Raundi ya mwisho akainamisha kichwa kuutafuta mlio chini ya miguu yake, asione nguzo ya zizi iliyokuwa mbele. Aliivaa kwa kasi yote. Kichwa kikapasuka, na baba yake alipofika mbio, Shija alikuwa ameshakufa.

Lugwisha, aliyekuwa ameusikiliza mlio ule tangu mwanzo, akatamka neno lake moja.

"Mkono!"

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwa mafundi wa Mwagimbu, mkono ni kranki, kile chuma kinachoshika pedali. Lakini aliyefiwa ukimwambia mkono, anasikia mkono wa mtu. Anasikia uchawi.

"Mkono wa mtu!" mmoja akadakia. "Nani kaishika baiskeli leo?"

"Nyanzobe! Aliisogeza asubuhi pale jikoni kwake!"

Nyanzobe alikuwa mama wa uji pale mnadani, jirani wa Mabula. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umemwachia macho mekundu, na wapo wapumbavu ambao wakiona jicho jekundu hawaulizi la pili. Wakamburuta kwa kanga yake. Wakampiga mateke ya mbavu. Sufuria ya uji ikapinduliwa juu ya miguu yake, akapiga ukelele uliowafukuza ng'ombe hadi upande wa pili wa zizi. Mabula akaja na panga.

"Baba Shija, ni mimi jirani yako! Huyo mtoto nimemnywesha uji tangu anatambaa!"

"Na leo umemnywesha nini?"

Panga likashuka. Nyanzobe akakinga kwa mkono, na mfupa ukasikika ukivunjika.

Sasa Lugwisha akapata maneno. Alimrukia Mabula mgongoni, akamng'ang'ania. "Nimesema mkono wa pedali! Kranki ya kushoto! Inalia akikanyaga, inanyamaza akiacha! Uchawi gani huo unaosubiri mtu akanyage?" Wapwa wa Mabula wakamng'oa pale, wakampiga ngumi za mdomo hadi akatema meno. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Mabula akashusha panga kidogo.

"Basi apande mtu," akasema. "Nisikie mwenyewe."

Nani apande? Kiti kilikuwa bado kimelowa damu ya marehemu. Wanaume walitazama chini kana kwamba wamedondosha kitu. Holo akajipenyeza, akakifuta kwa gauni lake, akapanda. Akakaa, akaiacha iteleze. Kimya. Akasimama na kukanyaga. Ka! Akarudia, ikawa vilevile, na uwanja mzima ukasikia. Kisha akaelemea mguu wa kushoto kwa uzito wake wote. Kranki ikakatika pap! Holo akaruka juu ya usukani, akaangukia bega, na mfupa ukatokeza nje ya ngozi.

Mnadhani ndiyo yaliisha? Thubutu! Umati ndio kwanza ukapagawa.

"Limeikata jini! Linataka wa pili!"

Panga likapaa tena, safari hii likielekea shingoni mwa Nyanzobe. Kashinje akaokota kile kipande cha chuma, akaruka, akalidaka panga kwa kiganja kitupu. Damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko, naye hakuachia. Kwa mkono wa pili akamwekea Mabula chuma mbele ya macho.

"Baba, tazama. Hapa panapong'aa pamevunjika sasa hivi. Hapa peusi je? Grisi na vumbi vimeingia vikakaa. Huu ni ufa wa siku nyingi. Mama huyu kaishika baiskeli leo asubuhi tu!"

Mabula akapitisha kidole penye weusi. Kidole kikatoka cheusi. Akaliachia panga, akaenda kujilaza kando ya mwanawe, akalia kama mtoto mchanga.

Matanga yalipoisha, na Mabula akiwa anasubiri kesi yake, aliiburuta baiskeli ile hadi kwa Nyanzobe. Alikuwa ameitia kranki mpya.

"Sitaki kuiona kwangu," akasema. "Apewe aliyenizuia nisiue. Mmoja tu, baiskeli haigawanywi kama nyama. Na uamue wewe, mama, kwa sababu shingo ilikuwa yako."

Wale watatu walikuwepo, na kila mmoja aliitamani baiskeli ile.

"Ni yangu," alisema Lugwisha kwa mapengo yake. "Bila sikio langu, nani angejua pa kutafuta?"

"Na bila mdomo wako, panga lingetoka wapi?" Holo akamjibu. "Mimi niliipanda baiskeli ya maiti. Bila miguu yangu, maneno yako yangebaki kelele za mlevi."

"Uliipanda, ukaanguka, wakaona jini," alisema Kashinje, kiganja kikiwa kimefungwa kitambaa. "Panga lilikuwa hewani. Nani alilishika?"

"Ulionyesha nilichokwisha kusema!" Lugwisha akadakia.

"Na nilichokuvunjia mimi!" Holo akaongeza.

Wakabishana hadi mate yakawakauka. Nyanzobe alikuwa amekaa mkekani, mkono umening'inizwa shingoni, akawaacha wamalize.

"Wanangu," akasema, "angekosekana mmoja wenu, leo ningekuwa kaburini. Nashukuru, na nitashukuru hadi nife. Lakini panga la kwanza liliposhuka, nyote watatu mlikuwepo."

  Lugwisha alikuwa ametoa neno lake akanyamaza. Holo alikuwa anatazama. Kashinje naye alikuwa anatazama.

Baiskeli iko pale, imeegemea ukuta wa Nyanzobe, na hadi leo hajatamka jina. Basi semeni nyinyi, wala msiseme wote kwa pamoja. Ungekuwa Nyanzobe, ungempa mwenye sikio, ambaye neno lake lilimwita muuaji na maneno yake yakamsimamisha? Ungempa mwenye miguu, aliyethubutu pale wanaume walipoogopa? Ungempa mwenye jicho, aliyelidaka panga la mwisho? Au ungewaambia wote watatu warudi makwao kwa miguu? Je, wewe ungeamua vipi?