Nguchiro na Moyo wa Mtaa

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kupigiana hodi, palikuwa na mtaa ulioitwa Topeni. Jina lilitokana na matope, wanangu. Mvua ikinyesha, maji yaliingia mpaka jikoni, na masika moja yalimchukua mtoto wa Kanga. Hata hivyo mtaa ulichangamka. Alfajiri ungesikia michi ikitwanga, twa, twa, twa, watoto wakifukuzana, na Bi Kobe akiwaita wateja waje kunywa uji.

Jirani wa Bi Kobe alikuwa Nguchiro, mkaanga mihogo. Mwili mdogo, mbio nyingi, maswali yasiyokwisha. Akikuta shimo, hana raha mpaka ajue linaishia wapi.

Siku moja Tembo akahamia pale. Aliipenda Topeni kwa kuwa mto ulikuwa karibu na soko lilikuwa karibu. Naye hakuja mkono mtupu. Alichimba mitaro, akatandaza mawe njiani, akapanda maua, akatundika taa. Masika yaliyofuata hakuna jiko lililoingia maji. Wadogo wakamshukuru kwa dhati, Nguchiro akiwa wa kwanza.

Kisha Tembo akawaita jamaa zake, wakubwa kama yeye. Wakatangaza kwamba mtaa umefufuka na sasa unaitwa Mauani, na kwamba kila nyumba lazima iwe na mlango ambao tembo atapita bila kuinama. Nyumba fupi, walisema, zinaharibu sura ya mtaa. Kanga angeujenga kwa kitu gani mlango wa namna hiyo? Akafunga mizigo, akahamia ng'ambo ya kilima, na nyumba yake ikabomolewa siku ileile. Pelele akafuata, kisha Kicheche, kisha wengine, nyumba zao zikabaki tupu.

Zamu ya Bi Kobe ikafika. Nguchiro alimkuta akifunga vyungu vyake kimya kimya.

"Mwanangu," Bi Kobe akasema, "mtaro huu nimeuomba kwa Mungu tangu usichana wangu. Leo umekuja, na mimi ndiye ninayeondoka. Hebu niambie, nimepata au nimekosa?"

Nguchiro akaenda kumuuliza Tembo kama mtaa umefufuka kweli. Tembo akacheka. Akamwambia kesho asubuhi Bibi Twiga, mkuu wa miji yote, atakuja kujionea mwenyewe.

"Kufufuka ni kupata uhai, bwana," Nguchiro akasema. "Akitaka kusikia moyo wa mtaa ukipiga, utamsikilizisha?"

Tembo akatega masikio. Moyo huo hakuwahi kuusikia. Nguchiro akamweleza kwamba hupiga asubuhi, chini kabisa ya ardhi, na kwamba ni masikio mapana tu yanayoweza kuusikia, mradi mwenyewe alale, sikio liguse njia, na macho ayafumbe. Tena moyo huo una haya. Haupigi mpaka mtu aape kwamba chochote kinachoupigisha hakitaguswa kamwe.

"Kuapa tu?" Tembo akauliza. "Hilo ni dogo."

Nguchiro akachomoka, pyuu, mpaka ng'ambo ya kilima, akaongea na Pelele na wenzake mpaka jua likazama.

Asubuhi Tembo akaapa mbele ya Bibi Twiga na jamaa zake wote. Kisha akalala, akalaza sikio juu ya mawe, akafumba macho. Jamaa zake nao wakalala vivyo hivyo. Wakasikiliza. Upepo ulipita kwenye maua, basi.

"Kimya," Tembo akanong'ona. "Nguchiro, mbona kimya?"

"Sikiliza, bwana."

Akasikiliza tena, na safari hii woga ukamwingia. Alianza kujiuliza ni kitu gani hasa alichokijenga.

Bibi Twiga, kwa urefu wake, aliona mstari wa wadogo ukishuka kilimani na mizigo kichwani. Akafungua kinywa aseme, akamtazama Nguchiro, akakifunga.

Twa. Tembo akashtuka. Twa, twa. Halafu vishindo vya miguu midogo, na kicheko, na sauti ikiita wanywaji wa uji.

"Unapiga," Tembo akasema, na machozi yakamtoka. "Jamani, unapiga."

Akafumbua macho. Pelele alikuwa kwenye kinu chake, mlangoni pake. Bi Kobe alikuwa anakoroga chungu. Watoto walirukaruka mtaroni.

"Umenichezea," Tembo akasema polepole.

"Nimekuchezea, bwana. Lakini ulichokisikia, hukukisikia?"

Bibi Twiga akasema kiapo ni kiapo, na jamaa wengine walionuna waliambiwa wanune nje ya mtaa. Amri ya milango ikafutwa, mitaro na taa zikabaki. Kanga hakurudi, maana palipokuwa na nyumba yake palikuwa pameota maua. Siku chache baadaye Tembo alibeba jembe lake, akavuka kilima peke yake, akamuuliza Kanga kwanza ni wapi angependa mtaro upite.

Basi kumbukeni, wanangu: anayemfukuza mwenyeji ili aupendezeshe mtaa, hupamba kaburi.